Bati Nene Halitibu Ufa

Mtu afunguaye boneti ya gari la safari aghalabu huitazama injini kwanza, na akiisha kuona kuwa oili imo, maji yamo na mikanda haijalegea, huifunga na kwenda zake akiwa na moyo mtulivu. Ni nadra kumwona aliyeinama akapangusa vumbi katika bati lililo kati ya injini na gurudumu, ambalo mafundi wetu huliita madigadi ya ndani, akalichungua pembe kwa pembe ili ajue kama limeingia ufa. Hali bati hilo ndilo libebalo betri, kisafisha hewa, sanduku la fyuzi na vishikizo vya nyaya na mirija. Ndilo lizuialo tope na mawe ya gurudumu yasiifikie injini. Ndilo liunganishalo ukuta wa mbele ya dereva na kiunzi cha rejeta. Na pamoja na kazi zote hizo unene wake aghalabu haupiti sana milimita moja.

Nina neno la kusema juu ya bati hili, nalo lawahusu wenye magari kuliko mafundi. Imekuwa ada katika miji yetu, toka Arusha hata Nairobi, na toka Gerezani ya Dar es Salaam hata Mombasa, kwamba ufa wa madigadi ya ndani ukionekana, dawa yake ni kipande cha bati nene kilichookotwa katika mabaki ya karakana, kikalazwa juu ya ufa pasipo rangi kukwanguliwa, kikachomelewa pande zote nne, kikapakwa puti na rangi nyeusi, na gari likakabidhiwa kabla ya magharibi. Mwenye gari hulipa, hushukuru, huondoka. Msimu haumaliziki kabla ufa haujajitokeza tena, safari hii ukingoni mwa kiraka, nao mrefu kuliko ule wa awali. Na hapo lawama yote humwangukia fundi. Lawama hiyo haina insafu. Fundi aliagizwa kuziba, akaziba. Hakuna aliyemlipa ili aulize kwa nini bati lile lilipasuka, na kuuliza huko ndiko mwanzo wa matengenezo. Asiyegharimia kuuliza huko asitaraji kudumu kwa kilichofanywa na mikono peke yake.

Chuma huchoka. Jambo hili si dhana ya wahunzi, ni elimu yenye umri mkubwa. Katika karne ya kumi na tisa mhandisi wa reli wa Kijerumani, August Wöhler, akiona ekseli za mabehewa zikikatika chini ya mzigo ambao kwa kutwishwa mara moja usingeweza kuzidhuru, alitengeneza mitambo ya kuzipinda na kuzinyosha mara nyingi mno, akathibitisha kwamba pigo dogo lisilovunja leo, likirudiwa kwa malaki, huvunja kesho. Mwaka 1954 ndege mbili za abiria aina ya Comet zilianguka katika bahari ya Mediterania, moja Januari na nyingine Aprili. Na wataalamu wa Uingereza walipoitia ndege nyingine ya aina hiyo katika tangi kubwa la maji, wakawa wanaijaza shinikizo na kuipunguza mara maelfu, waliliona bati lake likipasuka kuanzia katika pembe za uwazi uliokatwa humo. Kanuni ni ile ile katika madigadi ya gari. Ufa hauanzi katikati ya bati lililo sawa. Huanza katika kona kali, katika tundu lililotobolewa na fundi umeme ili apitishe waya, katika nukta iliyochomelewa kiwandani, au chini ya ukingo wa kibao cha betri, mahali ambapo nguvu iliyokuwa imetawanyika hulazimika kupita katika njia nyembamba.

Na katika barabara zetu mapigo hayo hayahitaji miaka mingi ili yatimie idadi. Msafiri aliyepita njia ya Serengeti, toka lango la Naabi kuelekea Seronera, ayajua yale matuta madogo madogo yafuatanayo kama migongo ya bati la kuezekea, ambayo hulitetemesha gari hata abiria asiweze kuongea sentensi moja ikakamilika. Hesabu yake ni nyepesi, na nashangaa kwamba ni wachache waliojaliwa kuifanya. Tuseme toka kilele cha tuta hadi kilele cha tuta la pili ni robo tatu ya mita, na gari laenda kilomita 60 kwa saa: basi katika saa moja tu gurudumu limepanda na kushuka mara 80,000, yaani zaidi ya mara 22 katika kila sekunde. Kwa siku mbili tatu za mwendo kama huo gari moja limekwisha kupokea mapigo ambayo gari la mjini halitayapokea kwa muda mrefu sana. Matuta yenyewe ni kazi ya magurudumu. Wanafizikia Taberlet, Morris na McElwaine walionyesha mwaka 2007, kwa gurudumu lililoburutwa juu ya mchanga katika maabara, kwamba mwendo ukipita kiwango fulani mawimbi huzuka yenyewe hata pasipokuwa na injini wala springi, na ukiwa chini ya kiwango hicho mchanga hubaki tambarare. Greda likisawazisha njia leo, sisi wenyewe kwa mwendo wetu twairudisha ilivyokuwa.

Wapo madereva wasemao kwamba kukimbia ndiyo salama, kwa kuwa gari likienda kasi huruka juu ya vilele na abiria hutulia. Ni kweli abiria hutulia; lakini gurudumu, shokapu na vyuma vya chini havikutulia hata kidogo, na shokapu ikichemka kwa kazi hiyo hupoteza uwezo wake, kisha mapigo yote ambayo ilikuwa ikiyameza hupanda kwenye chasisi, toka chasisi hupanda kwenye bodi, na bodini hutafuta mahali palipo dhaifu. Kupunguza mwendo, na kupunguza upepo wa matairi kwa kadiri izingatiayo mzigo na njia, ni matibabu ya madigadi kabla ya mashine ya kuchomelea haijawashwa.

Nichukue gari nilijualo zaidi, ambalo pia ndilo lililoenea kuliko mengine katika safari za mbugani: Toyota Land Cruiser ya jamii ya 70, iliyotoka mwaka 1984 na ambayo hata leo haijaachwa kutengenezwa. Gari hili lina chasisi ya chuma kizito, na bodi yake imekalishwa juu ya chasisi hiyo kwa mipira. Lilipoundwa lilikadiriwa mzigo wake. Likifika Arusha, aghalabu hurefushwa chasisi na bodi, hutiwa viti vya watalii na paa la kuinuka. Huongezwa friji, redio ya mawasiliano na soketi za kuchajia kamera na simu. Na kwa kuwa vyote hivyo vyataka umeme, huongezwa betri ya pili, ambayo mahali pake papatikanapo kwa urahisi ni upande wa pili wa boneti, juu ya madigadi ya ndani. Betri moja ya gari la dizeli la namna hii hukaribia kilo 20, na pengine huzidi. Kilo hizo ni za gari lililosimama. Gari likitua shimoni kwa nguvu iliyo mara tatu ya uzito, betri ile huivuta madigadi chini kana kwamba ni kilo 60, nayo haivuti moja kwa moja, bali huning'inia upande mmoja wa bati na kulipinda. Kisha huruka juu, na kulipinda kinyume. Mtu aliyetobolesha matundu manne katika bati la milimita moja, akafunga hapo kibao cha betri pasipo egemeo la chini, ameuagiza ufa kwa hiari yake, ingawa hakukusudia.

Mipira ya bodi yastahili kutajwa peke yake, maana ndiyo isahauliwayo kuliko vyote. Kazi yake ni kuiruhusu chasisi ijipinde gari lipandapo mawe kwa gurudumu moja, bila ya bodi kulazimishwa kujipinda nayo. Ikila miaka, ikapata joto na oili, hukauka na kupondeka. Boliti zake hulegea au kukatika. Na tangu hapo bodi hugonga chuma kwa chuma, na msokoto ambao ulikuwa ukiishia katika mpira huishia katika madigadi. Nimeona madigadi za ndani zilizochomelewa mara kadhaa katika gari ambalo mipira yake ya mbele ilikuwa imebaki vumbi. Kila fundi alitazama palipopasuka; hakuna aliyelala chini ya gari. Na pengine sababu ni nyepesi kuliko hiyo: boliti mbili zilizofunguliwa wakati wa kubadilisha rejeta hazikurudishwa, na kiunzi cha mbele kikawa chacheza.

Hapa sina budi kuweka mpaka ulio muhimu. Katika magari kama RAV4, Forester na X-Trail, ambayo hayana chasisi ya kujitegemea, mnara ushikao kichwa cha shokapu ya mbele ni sehemu ya madigadi ya ndani yenyewe. Ufa karibu na mnara huo ni ufa wa usukani na wa uhai wa abiria. Gari lenye ufa wa namna hiyo lisisafiri; libebwe; na kazi yake apewe fundi mwenye vifaa vya kupima kama magurudumu yangali katika mstari wake. Nisemayo hapa chini juu ya kuchomelea na kuimarisha yahusu magari yenye chasisi, ambayo madigadi yake hubeba betri na vifaa lakini haibebi gurudumu.

Sasa, kazi ifanywayo sawasawa huanza na kuondoa vitu. Betri zote hutolewa, si kwa sababu ya nafasi tu bali kwa kuwa betri ichajiwayo hutoa hewa iwakayo kwa cheche. Nyaya za altaneta na za kompyuta ya gari, ikiwa lina kompyuta, hufunguliwa ili umeme wa mashine usizidhuru. Mirija ya mafuta na ya breki iliyo karibu husogezwa au kukingwa. Na kizima moto huwekwa mahali ambapo mkono wafika. Bati huoshwa pande zote mbili, kwani upande wa gurudumu hubeba tope lililoshikamana tangu masika yaliyopita, na chini ya tope hilo mna kutu ambayo haitaonekana mpaka ikwanguliwe. Asidi iliyodondoka toka betrini huoshwa kwa maji yenye magadi. Rangi hukwanguliwa hata chuma king'ae, sentimita kadhaa kupita mahali ambapo ufa waonekana kukoma.

Waonekana kukoma, nasema, kwa kuwa mara nyingi jicho hudanganyika. Ufa una ncha nyembamba kuliko unywele, nayo imekwisha kutangulia mbele ya kile kionekanacho. Mafundi wa karakana za reli wa zamani walikuwa na hila njema, ambayo haihitaji fedha za kigeni: walipaka mafuta ya taa juu ya chuma, wakaacha yapenye, wakayafuta hata pakakauka, kisha wakapaka chaki, na baada ya muda mafuta yaliyojificha katika ufa yalijitokeza juu ya weupe wa chaki, yakachora mstari wote tangu mwanzo hadi mwisho. Mafuta ya taa na chaki vyapatikana katika kila duka la mtaa. Ajifunzaye ufundi akifundishwa jambo hili katika juma lake la kwanza, ataokoa mabati mengi katika maisha yake. Sharti tu mafuta hayo yaondolewe kabisa kabla ya moto wowote kuwashwa.

Penye ncha hiyo, au mbele yake kidogo, hutobolewa tundu dogo la mviringo, la milimita tatu au nne, kingo zake zikalainishwa. Wako wenye magari waonao kwamba kumtobolea mtu gari lililokwisha kupasuka ni kuliongezea madhara. La, ncha kali ndiyo ikusanyayo nguvu yote mahali pamoja na kulipasua bati mbele yake, na mviringo huitawanya. Kisha bati hurudishwa mahali pake kwa jeki ndogo au mnyororo, polepole, mpaka midomo ya ufa ikutane bila kulazimishwa. Maana ukichomelea bati lililovutika, umefungia ndani yake mvutano ambao utaanza kulipasua siku ile ile.

Kuchomelea kwenyewe kwataka mkono mtulivu. Kijiti kinene cha umeme, kifaacho kwa geti na chasisi, hulitoboa bati jembamba na kuacha uvimbe mgumu juu yake. Moto wa gesi, usipokuwa katika mikono ya stadi, hulipasha eneo pana mno hata likajikunja. Mashine ya waya, yenye waya mwembamba wa milimita 0.6 au 0.8, ndiyo ifaayo zaidi: nukta moja hapa, nyingine kule mbali, kisha kungoja bati lipoe hata liguswe kwa kiganja, ndipo kurudi kati. Kazi ya ufa wa shubiri moja yaweza kuchukua saa nyingi kwa namna hii, na sehemu kubwa ya saa hizo fundi ataonekana amekaa. Hakukaa, angojea bati lipoe. Ikiwa bati lina zinki, hiyo huondolewa kwanza kwa msasa, na kazi ifanywe penye hewa ya kutosha, kwani moshi wake humtia fundi homa.

Hapo ndipo lijapo suala la kuimarisha, na hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Watu huona kwamba maadamu bati la milimita moja limepasuka, la milimita nne halitapasuka. Pengine halitapasuka hilo. Litapasuka jirani yake. Kipande kigumu kikikaa juu ya bati lipindikalo, kupinda kote kulikokuwa kumeenea katika shubiri mbili hukusanyika katika mstari mmoja, ukingoni mwa kipande, pale pale ambapo moto wa kuchomelea umekwisha kulidhoofisha bati. Basi kipande na kiwe cha unene ulio sawa na bati lenyewe au kuuzidi kidogo, milimita moja na nusu yatosha. Kiwe kipana, kivuke mbali kupita ufa. Pembe zake zote ziwe za mviringo. Kingo zake zisikae sambamba na njia ya ufa wa awali. Na kishikwe kwa nukta zilizochomelewa ndani ya matundu yaliyotobolewa katika kipande, kuliko kuzungushiwa mshono mmoja mrefu. Bora zaidi, kifike mahali penye uthabiti wa asili: mkunjo wa bati, kona ya ukuta wa dereva, kiunzi cha mbele. Kibao cha betri nacho kipate mguu unaoteremka hadi penye nguvu katika bodi. Nasema katika bodi, si katika chasisi. Kwa kuwa anayeunganisha bodi na chasisi kwa chuma ameibatilisha kazi ya mipira, na ameupatia msokoto wa chasisi njia iliyonyoka ya kuingia katika bati alilotaka kulilinda.

Na lililo jema kuliko kuimarisha ni kupunguza. Betri ya pili yaweza kuhamishiwa nyuma, katika sanduku lililofungwa imara na lenye njia ya hewa, ikaunganishwa kwa waya mnene wenye fyuzi karibu na betri yenyewe. Gharama ya waya huo mrefu hulalamikiwa sana, nami sioni lalamiko hilo kuwa na uzito, kwa kuwa halijumlishi gharama ya madigadi ichomelewayo kila msimu na siku za gari kulala karakanani.

Rangi ifuatayo haiwi ya uzuri. Moto umeteketeza kinga ya bati hata upande wa pili usioonekana, hivyo praima yenye zinki hupakwa pande zote mbili, maungio huzibwa kwa gundi maalumu ya bodi, na nta hupulizwa ndani ya mikunjo. Puti isikaribie mahali hapa kabisa. Haina nguvu, huficha, na hunyonya unyevu. Na akaguaye mwakani atauona uso laini asijue kilichomo chini yake.

Najua pingamizi nitakayoipata. Nitaambiwa kwamba watalii wangoja hotelini, kwamba msimu ni mfupi, kwamba mwenye gari moja la kukodisha hawezi kuliacha siku tatu karakanani kwa ajili ya ufa wa shubiri. Sidharau shida hiyo, kwa kuwa riziki ya nyumba nzima yaweza kuning'inia katika gari moja. Lakini shida hiyo ndiyo sababu ya kulichungua bati katika wakati wa mvua kubwa, safari zipunguapo, badala ya kungoja betri ianguke juu ya feni mbugani, mbali na kila fundi, pamoja na wageni. Na kampuni yenye magari mengi haina hata udhuru huo.

Nitakalo ni kwamba ujira wa fundi ugawanywe bayana: fungu la kutafuta sababu, na fungu la kutengeneza. Fungu la kwanza lilipwe hata kama fundi atatoka chini ya gari akisema kwamba hapana la kuchomelewa mpaka mipira ibadilishwe. Leo hii fundi asemaye hivyo hurudi nyumbani mikono mitupu, na jirani yake achomeleaye bila kuuliza hupata posho. Kisha twashangaa kwamba waulizao wanapungua. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia karakanani. Naona ni haki katika mtihani wa fundi bodi aulizwe si tu jinsi ya kuunganisha bati, bali pia jinsi ya kueleza kwa nini bati liliachana. Vilevile wakaguzi wa magari ya abiria, wanaotazama taa na breki kwa uangalifu ustahilio sifa, waongeze kuitazama madigadi ya ndani kwa tochi, upande wa injini na upande wa gurudumu.

Na mwenye gari akabidhiwapo gari lake, aombe kuonyeshwa kazi kabla rangi ya mwisho haijapakwa. Fundi atie alama ya kalamu penye kila tundu lililozuia ncha ya ufa, aandike tarehe na kilomita zilizosomeka. Na gari likiisha kurudi toka safari yake ya kwanza ya njia mbaya lipelekwe kwa fundi yule yule, betri itolewe, alama zitazamwe moja moja, boliti za kibao na za mipira zikazwe tena, na malipo ya ukaguzi huo yawe yamekwisha kuhesabiwa katika hati ya kwanza.